Helikopta yako ya Kerbal inazunguka yenyewe? Ijenge hivi

Wadau wa Kerbal Space Program, lile gemu la kuunda na kurusha vyombo, hapa Dar, swali linalorudi kila siku ni hili hili: chombo kimejengwa vizuri, kinapendeza, kikinyanyuka tu kinajizungusha chenyewe halafu kinalala ubavu na kulipuka. Mara nyingi shida ni kwamba mtu anaongoza kwa kuongeza na kupunguza kasi ya rota, ile sehemu inayozungusha mapanga. Acha kasi itulie, cheza na pembe ya mapanga. Helikopta za kweli ndo zinavyoruka hivyo, rota inazunguka kwa kasi ile ile na rubani anabadilisha pembe tu.

Lazima uwe na Breaking Ground, ile nyongeza ya kulipia iliyotoka 2019, rota zimo humo. Ziko za umeme, zile zenye majina ya EM, na ziko za kunywa mafuta, R121 na R7000. Za mafuta zina nguvu sana ila zinataka hewa yenye oksijeni, kwa hiyo kati ya dunia za kwenye gemu ni Kerbin na Laythe basi, Duna hata haiwaki. Mimi kwa anayeanza namshauri umeme, betri haipungui uzito ukiruka so mizani ya chombo haihami, tenki la mafuta likipungua upande mmoja utajuta.

Sasa mpangilio. Rota ikisukuma mapanga kulia, body inasukumwa kushoto, ni fizikia hiyo huwezi kuikwepa. Unaweza kuweka rota ndogo mkiani lakini kuipatia ni kazi, bora uweke rota mbili kubwa, moja mbele moja nyuma kama Chinook, zizunguke kinyume zifutane. Washa alama ya kitovu cha uzito pale kwenye jengo la kuundia, zile rota mbili ziwe umbali sawa kutoka hapo, uzito ukizidi mbele kidogo tu pua itakuwa inainama muda wote.

Mapanga manne kwa kila rota yanatosha. Hapa usiharakishe, zoom panga moja uliangalie: ule ukingo mnene ndo unatakiwa utangulie upande rota inakozungukia, mwembamba ufuate nyuma. Kwa ile rota ya pili inayozunguka kinyume yageuze, watu wengi sana wanasahau hapa, rota moja inanyanyua nyingine inakandamiza halafu wanalaumu gemu. Zima Pitch, Yaw na Roll (kuinamisha pua, kugeuza pua na kulaza ubavu) kwenye mapanga yote, washa Deploy, ile inayokunja panga kwa pembe unayoipanga. Kugeuka ziachie reaction wheel, yale magurudumu ya ndani yanayogeuza chombo, weka za kutosha.

Halafu KAL-1000, kale kaboksi ka kuongozea. Ingiza Deploy Angle (pembe hiyo) ya mapanga yote, chora mstari unaoanzia 0 kushoto na kuishia kama digrii 12 kulia, kisha Play Position yake (sehemu ya mstari ulipofikia) uiunge na resi kuu, yaani throttle. Rota ambayo inakandamiza chini, mstari wake uende upande wa hasi. RPM (mizunguko kwa dakika) ya rota zote weka 460, ndo mwisho wake, usiiunge na kitufe chochote.

Kabla ya kuwasha piga F5 kuhifadhi gemu. Na ukiwa unatumia desktop bila UPS, piga mara kwa mara, umeme wetu mnaujua. Bonyeza T kuwasha SAS (inayotuliza chombo), X resi iwe sifuri, washa motor, subiri rota zishike kasi kabisa, ndo ushike Shift taratibu kuongeza resi. Usiguse Z, inapeleka resi na pembe mwisho kwa mpigo mmoja na mapanga yanakabwa na hewa, kasi inashuka.

Kwenda mbele inamisha pua kidogo kama digrii 10, utaona unashuka, ongeza resi kidogo. Kusimama inua pua mapema, mbali bado, chombo hakina breki hewani. Kutua punguza kwa Ctrl nukta nukta, ukibonyeza X juu juu unadondoka kama jiwe.

Ukishaweza kuelea pale pale bila kuhangaika, nenda kwenye lile jengo kubwa la kuundia roketi, juu ya paa kuna viwanja vya helikopta, tua hapo.