Kuchagua na kurekebisha mdomo wa portafilta kwa mashine ya espreso ya mkono

Kwenye mashine ndogo za kuvuta wenzo kama La Pavoni Europiccola, nafasi kati ya portafilta (kishikio chenye mpini kinachobeba unga wa kahawa) na sahani ya matone ni finyu. Kikombe kirefu hakiingii, na ukiweka mizani chini yake ndiyo kabisa. Kabla hujafikiria kubadili mashine, badili mdomo, yaani kipande kilicho chini ya portafilta kinachomimina kahawa. Kazi hii inafanyika hapa hapa Bukavu kwa vifaa vya kawaida vya fundi.

1. Amua unakunywaje

Mdomo wa njia mbili unafaa tu kama kila mara mnagawana kahawa wawili. Kwangu mimi, anayekunywa peke yake anahitaji mdomo mmoja mfupi: ni rahisi kusafisha na unaacha nafasi ya kikombe. Chagua ule ulio wazi kwa juu kama mfereji, kidole kipite ndani. Mdomo uliofungwa unaficha mafuta ya kahawa, nayo yakichacha yanaharibu hata arabika nzuri ya Idjwi au Kalehe.

Uzito nao uangalie. Portafilta nyingi ni shaba ya njano iliyopakwa kromu, na mdomo mnene unanyonya joto la kahawa kidogo unayotengeneza. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukipasha portafilta kwa maji hayo, huvuki hapo. Mdomo mwepesi unasaidia kweli.

2. Pima meno

Mdomo unafungwa kwa meno kama ya skrubu; portafilta nyingi zinatumia meno ya bomba ya 3/8, lakini si zote, kwa hiyo pima kabla hujanunua. Hapa wengi wanakosea: 3/8 ya inchi ni kama milimita 9.5, ila meno ya bomba ya 3/8 kwa nje yana milimita 16.7, na ndani ya inchi moja yanahesabika meno 19. Ukimwambia muuzaji "milimita tisa na nusu" atakupa kitu kingine kabisa. Nenda na portafilta yenyewe Kadutu kwa wauza vifaa vya mabomba, ujaribu kipande cha 3/8 kwa mkono. Kikiingia mizunguko mitatu bila kulazimishwa, umepata. Kikikwama kwenye mzunguko wa kwanza, acha. Shaba ni laini na meno yanakatika.

3. Fungua mdomo wa zamani

Loweka portafilta kwenye maji ya moto mpaka mafuta yaliyoganda yalegee. Funga mdomo kwa kipande cha ngozi, ushike kwa spana ya bomba, zungusha kinyume cha saa. Usibane mpini kwenye jiriwa, utapasuka. Bana kichwa cha chuma katikati ya mbao mbili.

4. Kata, kama ni lazima

Kama mdomo wako ni mzuri ila mrefu, unaweza kuupunguza. Zungushia tepu mahali pa kukatia ili kromu isibanduke, tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, kisha piga tupa kutoka upande wa kromu kuelekea ndani, usirudishe nje. Ukingo wa chini uuache mkali na umeinama kidogo: tone linadondoka kwenye ncha badala ya kutambaa nyuma ya mdomo na kuchafua kikombe. Maliza kwa msasa laini, osha kwa sabuni na brashi mpaka unga wote wa chuma utoke.

Sehemu iliyokatwa inaacha shaba wazi, na shaba ya njano ya kukerezwa mara nyingi ina madini ya risasi kidogo, ambayo ni sumu. Kwa hiyo kata ncha tu. Kutoboa kitako chote cha portafilta ili ibaki wazi kabisa sikushauri nyumbani. Ukiitaka hivyo, tafuta iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu.

5. Nyoosha

Mdomo wa njia mbili lazima ukae sawa kulia na kushoto, ukiukata mstari wa mpini. Mara nyingi mdomo unakazika kabla ya kufika hapo au baada ya kupita hapo. Meno ya 3/8 yanasogea milimita 1.34 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo robo ya mzunguko ni milimita 0.33. Ukipitiliza robo, weka washa (pete bapa) ya shaba yenye unene huo. Ukipungukiwa robo, saga bega la mdomo (ukingo unaogusana na portafilta) kiasi hicho juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, ukipima kwa kalipa, kile kipimo cha unene, kila mara. Ukisaga kupita kiasi, washa inarekebisha.

Tepu ya tefloni mizunguko miwili inatosha. Acha jino la kwanza bila tepu, vipande visiingie kwenye kahawa.

6. Jaribu

Pitisha maji ya moto bila kahawa mara kadhaa. Kisha vuta kahawa kwenye vikombe viwili na upime kila kimoja. Kama upande mmoja umezidi, angalia kwanza kama mashine imekaa sawa juu ya meza. Mara nyingi ni meza. Weka kipande cha karatasi nene chini ya mguu mmoja, vuta tena, ndipo urudi kwenye washa.