Ukungu wa zabibu: geuza jani kabla ya kununua dawa

Mvua zikikolea, mizabibu ya Mpunguzi na Hombolo, huku Dodoma, huanza kuvaa weupe. Wengi huita weupe wote huo "ukungu", kisha hao, duka la pembejeo. Inaniuma kumwona mkulima amepuliza salfa mara tatu na majani bado yanakauka. Bidii anayo, ila anatibu ugonjwa ambao shamba lake halina. Weupe huo huletwa na magonjwa mawili tofauti, na moja tu ndilo la kuvu.

Kuvu si mmea. Haina umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, wala haijipikii chakula: hutambaza nyuzi nyembamba, hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, kisha hufyonza kilicholainika. Ukuta wa seli zake una kitini, ile ile iliyo kwenye ganda la panzi. Ndiyo maana imepewa himaya yake katika mpangilio wa viumbe, na kwa nasaba iko karibu na wanyama kuliko mimea.

Ubwiri unga (Erysiphe necator) ni kuvu halisi, wa kundi kubwa moja na kuvu wa sumukuvu ya karanga na mahindi. Unakaa kama majivu juu na chini ya jani, na punje changa hupasuka. Hauhitaji jani lilowe. Kivuli na joto la wastani vinautosha, basi hata mvua zikikatika endelea kukagua.

Ubwiri vinyoya (Plasmopara viticola) si kuvu, japo unafanana nayo. Ni jamaa ya mwani wa kahawia. Ukuta wake una selulosi, na vijimbegu vyake vina mikia ya kuogelea kwenye maji yaliyo juu ya jani. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, geuza jani: juu kuna doa la njano kama tone la mafuta, chini yake vinyoya vyeupe.

Hapo ndipo pesa hupotea. Salfa hudhibiti ubwiri unga, vinyoya haiviwezi. Metalaksili, dawa nyingine, ni kinyume chake: hudhibiti vinyoya, ubwiri unga haiuwezi. Triazoli, kundi la dawa za kuvu, huzuia kuvu kutengeneza ergosteroli, mafuta ya kujengea utando wa seli zake, na ubwiri vinyoya hauitengenezi kabisa, kwa hiyo unapuliza bure. Dawa za kopa (shaba) hukinga dhidi ya vinyoya, lakini zitangulie ugonjwa. Salfa ipulizwe alfajiri au jioni. Jua kali la Dodoma likiikuta huunguza majani.

Kupogolea ili upepo upite kunasaidia kwa yote mawili.

Ukienda dukani, beba jani lenyewe, na usome kiambato hai, yaani kemikali inayofanya kazi, kwenye lebo kabla ya kulipa.