Ukienda Mtwara na Mikindani, Panga Siku kwa Maji

Wageni wengi hufika Mtwara na ratiba ya saa: asubuhi Mikindani, mchana ufukweni, jioni Feri, kwenye kituo cha kivuko. Huku ratiba hutoka baharini. Ukifika Mikindani maji yamekupwa, utakuta tope na mitumbwi iliyolalia ubavu. Saa sita baadaye ghuba ile ile imejaa tele. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi.

Hesabu yake ni nyepesi ukiwa na kalenda ya Kiislamu. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, yaani kama tarehe 2 hadi 4 na 16 hadi 18, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ndiyo maana kufikia tarehe 9 au 10 mambo yamegeuka, kujaa kunaangukia saa nne na kupwa saa kumi, ila maji hayapandi wala kushuka sana; hayo ndiyo maji mafu. Hesabu hii hukosea kwa nusu saa au zaidi, basi siku ya kuingia baharini muulize mvuvi au nahodha. Atakujibu bila kutazama saa.

Anayetaka kutembea kwenye miamba na kuona wanaookota pweza aje wakati wa bamvua, asubuhi. Kwa picha za Mikindani, bamvua tena, lakini jioni, maji yamejaa na jua limelala. Mwenye watoto wa kuogelea achague maji mafu, kwa kuwa mkondo huwa dhaifu.

Upande wa majira, kusini kuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti hakuna mvua, lakini kusi huvuma na bahari huchafuka. Safari nyingi za mashua huahirishwa. Septemba hadi Novemba bahari hutulia na maji huwa safi. Tatizo la miezi hiyo ni korosho. Minada ikianza Oktoba, wanunuzi na madereva wa malori hujaza nyumba za wageni, hivyo weka nafasi ya chumba mapema.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 560, kupitia Kibiti, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji (lililofunguliwa 2003), Nangurukuru, Lindi na Mingoyo. Basi huchukua saa nane hadi kumi. Angalia kwenye tiketi kituo cha kupandia, maana mabasi ya kusini hayaondoki yote mahali pamoja. Pabaya ni Somanga na mito ya Kilwa: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika huko na magari yakakwama pande zote mbili. Ukisafiri Machi hadi Mei, acha siku moja ya ziada kabla ya shughuli yoyote isiyosubiri. Ndege ni kama saa moja.

Mji wenyewe utakushangaza kwa upana wake. Ulipimwa na bandari yake ikajengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Karanga zilishindikana, reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa, barabara pana zikabaki. Kwa hiyo usidanganyike na ramani: toka mtaa wa Shangani hadi sokoni kwa miguu saa saba mchana ni adhabu. Chukua bajaji, na mpatane bei kabla ya kukaa. Usipige picha geti la bandari wala walinzi wake.

Mikindani iko kilomita kama 10 kabla ya kuingia mjini ukitokea Lindi, na daladala zipo kutwa. Toa pesa taslimu mjini kwanza. Boma la Wajerumani la 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli. Kutoka huko ghuba yote iko chini yako. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara, mwaka 1866. Lakini kinachostahili muda wako ni vichochoro na milango ya nakshi. Milango hiyo ni ya nyumba za watu, si makumbusho: piga hodi, shikamoo kwa wazee, omba ruhusa ndipo utoe simu. Kuta za mawe na chokaa zilizobaki magofu usiziegemee wala kuzipanda, hasa baada ya mvua. Mavazi ya kufunika mabega na magoti yanatosha. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana.

Kwenda Msangamkuu, rasi iliyo ng'ambo ya maji, ni kuvuka tu kutoka Feri, kwa kivuko au boti. Kwenye boti omba boya la kuvaa kabla haijang'oa nanga, si katikati ya maji.

Msimbati, kijiji cha pwani, ndiyo safari inayowashinda wengi. Ni zaidi ya kilomita 40 kupitia Madimba, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kiingilio chake. Ulizia malipo ukiwa bado mjini. Gari za vijijini huja mjini asubuhi na kurudi mchana, kinyume na mgeni wa siku moja, basi ama ulale huko ama ukodi gari. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi psi 18 au 20, na ujaze tena ukifika barabara ngumu, kwani tairi laini kwenye mwendo hupata moto na kupasuka. Usiegeshe chini ya mstari wa mwani mkavu: siku ya bamvua, mchanga uliouacha mkavu saa nne utakuwa bahari saa kumi. Beba kitambulisho. Mpaka wa Msumbiji u karibu, na tangu machafuko ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, yaanze 2017 ulinzi umekazwa. Mitambo ya gesi nayo haipigwi picha.

Mwisho, korosho za nyumbani. Nunua zilizobanguliwa na kukaangwa. Vunja moja, ikipinda badala ya kukatika imeshika unyevu na itavunda njiani. Ming'oko ya kuchemsha, yaani viazi mwitu vya kusini, kula hapo hapo. Ukiuziwa gunia la korosho ghafi kwa bei ya chini uani kwa mtu, kataa: huo ni kangomba, yaani ununuzi haramu wa korosho nje ya minada, na kwenye kizuizi cha barabarani utaulizwa wewe.