Picha yako ikichukuliwa mtandaoni bila ruhusa: jinsi ya kuidai

Picha yangu iliyochukuliwa hivyo niliipiga alfajiri Marikiti, soko la mboga la Nairobi: mzee anavuta mkokoteni wa kabichi, mvuke unamtoka mdomoni, na nyuma yake taa za barabara ya Haile Selassie bado zinawaka. Miezi michache baadaye nikaikuta kwenye tangazo la biashara moja ya mikopo, jina langu limekatwa pembeni. Nililia kwa hasira. Machozi yalipokauka nikaanza kusoma sheria, na ninayokuandikia hapa ndiyo niliyoyapata.

Kabla hujamwandikia mtu yeyote, hakikisha picha ni yako. Wapiga picha wengi wa Nairobi huanguka hapa. Ni kweli kwamba hakimiliki haingoji usajili. Unaipata pale tu unapoipiga picha na kuihifadhi. Lakini kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinasema kazi uliyoagizwa na mteja huhesabika kuwa imehamia kwa huyo mteja, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Maana yake, harusi uliyoipiga Jumamosi iliyopita bila mkataba huenda si mali yako, hata kama kamera ni yako, nauli ulijilipia na usiku kucha ulikesha ukihariri. Mimi sasa siendi kazini bila karatasi yenye sentensi hii: "Hakimiliki ya picha zote inabaki kwa mpiga picha, mteja anaruhusiwa kuzitumia kwa shughuli zake binafsi." Tunatia sahihi sote wawili kabla ya malipo ya kwanza. Ile ya Marikiti hakuna aliyeniagiza, kwa hiyo nilikuwa na pa kusimama.

Faili asilia usilifute kamwe. Ndani yake mna tarehe, saa na aina ya kamera, na mwizi hana hayo. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Itume kama dokumenti. Ukitaka kusajili kazi zako kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, fanya hivyo. Si lazima, ila cheti husaidia mtu akianza kubisha.

Kutafuta picha zako zilikosambaa ni kazi ya dakika chache: ipakie kwenye Google Lens au TinEye, uone. Ukiikuta mahali, tulia. Usianze kutukana kwenye maoni, maana mwenye ukurasa ataifuta na ushahidi wako utaondoka nayo. Piga skrinshoti ya ukurasa mzima, anwani yake ikionekana, kisha uandike tarehe na saa. Hifadhi nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive pia. Ukidhani jambo litafika mahakamani, mwulize wakili kuhusu cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Wengi wamefika mbele ya hakimu na skrinshoti peke yake wakakwama.

Sasa mwandikie aliyeichukua. Kwa adabu, kwa maandishi. Mimi nilijibiwa, "Dada, hiyo tuliitoa Google, ni ya kila mtu." Nikamjibu, "Kaka, Google imekuonyesha tu. Mwenye picha ni mimi, na faili asilia ninalo." Akanyamaza wiki nzima. Hata hivyo barua hiyo haikupotea bure, kwa sababu sheria inataka uonyeshe kwamba ulijaribu kwanza kuzungumza naye.

Hatua inayofuata ni notisi ya kuondoa, iliyoletwa na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019. Inapelekwa kwa mtoa huduma anayehifadhi tovuti hiyo, si kwa mwenye tovuti. Andika jina lako kamili na anwani, eleza picha ni ipi na haki gani imevunjwa, weka anwani kamili ya ukurasa, tia sahihi. Ambatisha hati ya kiapo kuhusu umiliki wako, na barua zile ulizoandika. Nakala ziende KECOBO, Mamlaka ya Mawasiliano na muungano wa watoa huduma za intaneti. Mtoa huduma ana saa 48 za kazi kuifunga, isipokuwa apokee notisi ya kupinga. Kama picha iko Facebook au YouTube, tumia fomu zao wenyewe. Hizo zinafuata DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Ukurasa unaweza kufungwa kwa notisi hii bila hakimu kuuona. Ndiyo maana inanitia hofu nikisikia watu wakitaka kuitumia dhidi ya aliyewakosoa. Sheria inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa uhakiki au habari za matukio, mradi mwenyewe atajwe, na hata kwa matumizi binafsi. Mwanafunzi aliyeihifadhi picha yangu simuni mwake hajaniibia. Mwandishi aliyeiweka kando ya maneno makali kuhusu kazi yangu, akanitaja, naye hajaniibia. Kutoa notisi ya uongo ni kosa la jinai, na ni haki iwe hivyo.

Usichanganye pia hakimiliki na faragha. Kama ni uso wako ila picha imepigwa na mwingine, njia yako ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Ofisi ya Kamishna wake. Yule mzee wa Marikiti nilimwomba ruhusa kabla ya kuiweka picha hadharani. Angekataa, ingebaki kwangu.

Baada ya tangazo kuondolewa nilituma ankara ya matumizi ya miezi ile waliyoitumia. Picha nyingine za Marikiti nimeziweka chini ya leseni ya Creative Commons ya BY-NC: shule, vikundi vya mtaa, yeyote asiyezitumia kibiashara, azichukue na aniandike jina. Zile ninazouza nimeandika namba ya simu chini yake, ili anayezitaka anipigie kabla ya kuzipakua.