Propela isiote chaza: ninavyoisafisha na kuilinda, hatua kwa hatua

Nahodha akinijia na kusema injini imechoka, kabla sijagusa spana namuuliza boti imekaa majini siku ngapi bila kutembea. Akisema mwezi, navaa miwani ya kupigia mbizi kwanza. Mara nyingi injini haina kosa lolote. Ilikuwa ikifika mizunguko 2,800 kwa dakika, sasa inagoma kwenye 2,200. Moshi mweusi unatoka tezi, yaani nyuma ya boti, usukani unatetema, dizeli inakwisha mapema. Chini kule propela imevaa koti: utelezi wa kijani, nyuzi za mwani, na vile vijibonge vyeupe vyenye ncha vinavyochana vidole. Wengi wetu huku pwani tunaviita chaza, ingawa chaza wa kuliwa ni mnyama mwingine. Humu nitaviita vichaza.

Kazi yangu naifanyia hori la Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, hasa kwenye boti za uvuvi wa kitalii na za wapiga mbizi. Kusi ikianza kuvuma msimu unakwisha, na kati ya Aprili na Julai boti nyingi zinalala tu. Maji yetu yana joto mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mwezi ambao uoto unapumzika. Boti inayotembea kila siku haina shida kubwa. Iliyolala ndiyo inayoota.

Ukijua jinsi uoto unavyoanza, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana. Chuma kikiingia baharini, ndani ya saa chache kinapata utando mwembamba wa bakteria. Siku zinazofuata vinakuja vijimea vidogo sana, na utando unakuwa utelezi unaouhisi kidoleni. Kisha mtoto wa kichaza, mdogo kuliko chembe ya mchanga, anatua na kutembea juu ya bawa la propela akilipapasa kwa vipapasio vyake. Akiridhika na mahali, anatoa gundi kichwani, anajibandika kichwa chini, na kuanza kujijengea kuta za chokaa. Gundi ikishakauka hata mwendo wa injini haumng'oi. Kwa hiyo siku zenye faida kwako ni zile za mwanzo, wakati kitambaa tu kinatosha kumfuta.

Hatua ya 1: Jua chuma chako

Kama una boti ya faiba yenye injini ya kubandika nyuma, propela yako pengine ni ya alumini, na dawa yake ya kwanza haina gharama: inua injini kila unapofunga boti. Iinue hadi propela na mguu mzima wa injini viwe nje ya maji. Naona boti nyingi ambazo injini imeinuliwa nusu, ncha ya bawa moja inalowa, na bawa hilo peke yake linaota. Boti inatetema kwa sababu uzito hauko sawa. Na usiipake alumini rangi yenye shaba. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini.

Boti zenye shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha propela, kwa kawaida zina propela ya bronzi. Hapa watu huniuliza: bronzi si ina shaba, na shaba si sumu kwa vichaza? Ni kweli. Shaba iliyo wazi baharini inayeyuka kidogo kidogo, na hicho kinachoyeyuka ndicho kinachowafukuza. Lakini shafti imefungwa kipande cha zinki, ili zinki iliwe badala ya propela. Zinki ikifanya kazi yake, shaba haiyeyuki tena, na vichaza wanapata kiwanja salama. Jambo hili liligunduliwa zamani. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza Humphry Davy alijaribu kuzilinda bamba za shaba zilizofunika meli za jeshi la majini kwa kuzifunga vipande vya zinki na chuma. Shaba ikaacha kuliwa, lakini mwani na vichaza vikajaa. Ukiona propela yako inaota haraka, basi, usiitoe zinki. Nimeona propela zilizoachwa bila zinki hadi zikageuka rangi ya waridi. Rangi hiyo ina maana zinki iliyomo ndani ya chuma chenyewe imeshatoka, na kilichobaki ni kama sifongo. Gonga bawa taratibu kwa mpini wa bisibisi: zima linalia kama kengele, lililooza linatoa sauti butu. Lililooza halipakwi kitu, linabadilishwa.

Hatua ya 2: Chagua siku

Kama una reli au trela ya kupandishia boti, pandisha na ufanye kazi kwa raha. Wengi wetu tunategemea bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Huku kwetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Boti ya futi 30 niliyoipweleka vizuri kwenye mchanga mgumu hunipa kama saa 4 propela ikiwa hewani. Muda huo unatosha kukwangua, kusugua na kupaka mafuta ya sufu ya kondoo. Hautoshi kwa silikoni, mpako wa kuzuia uoto nitakaoueleza Hatua ya 5, ambayo mimi siiingizi majini kabla haijalala kavu usiku mzima. Kama unataka silikoni na huna pa kupandishia, bamvua moja fungua propela uipeleke karakana, nyingine uirudishe. Kuitoa tumia pula, chombo cha kuvutia propela kwenye shafti, si nyundo. Shafti iliyopigwa nyundo inapinda, na hasara yake ni kubwa kuliko ya vichaza.

Kabla mkono wako haujaikaribia propela, zima swichi ya betri na utie ufunguo mfukoni mwako mwenyewe. Usimwachie mtu.

Hatua ya 3: Kukwangua

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaharakisha.

Anza propela ikiwa bado imelowa, kwa sababu vichaza vikikauka vinakuwa vigumu zaidi. Tumia kikwaruzo cha plastiki ngumu au cha mbao iliyochongwa bapa. Kilaze karibu usawa na bawa, sukuma kutoka kwenye kitovu kwenda ukingoni. Usipige patasi. Ukingo wa bawa ni mwembamba, na mkwaruzo mmoja wa kina unatosha kuanzisha mtetemo, tena utakuwa kiota cha kwanza cha uoto mpya. Vaa glavu nene. Jeraha la kichaza linaonekana dogo lakini hufanya usaha haraka. Ukikatwa, osha kwa maji safi na sabuni hapohapo.

Ukimaliza kukwangua utaona pete nyeupe zimebaki kila mahali, mviringo mdogo wenye mistari kama jua analochora mtoto. Ni sakafu ya nyumba ya kichaza, na ni chokaa tupu. Wengi wanaziacha na kupaka juu yake. Miezi miwili baadaye kila pete inabanduka na rangi yake. Chokaa dawa yake ni tindikali, na siki ya dukani inatosha: lowesha vitambaa, vizungushe kwenye mabawa, funga na mfuko wa plastiki, acha nusu saa. Ukifungua utaona mapovu, na pete zinatoka kwa brashi ya nailoni. Kuna mafundi wanaotumia asidi kali ya kusafishia vyoo. Mimi siitumii, maana inakula bronzi na mapafu pamoja. Baada ya siki suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi.

Ukikwangua ukiwa ufukweni, tandaza turubai chini. Mabaki ya rangi ya zamani yana sumu, na kwenye matope yaleyale kuna kaa na chaza tunaowala.

Hatua ya 4: Msasa

Msasa namba 80 kwa silikoni au praima, yaani rangi ya msingi. Chuma kinatakiwa kiwe na mikwaruzo midogo ya kushikia, kiwe na rangi moja ya dhahabu mpya kila upande, pamoja na shina la bawa pale linapoungana na kitovu. Kona hizo mkono hauzipendi, vichaza vinazipenda. Kama utapaka mafuta ya sufu tu, endelea hadi namba 320, kwa maana laini ndiyo unayoitaka. Funika zinki kwa tepu kabla ya kuanza.

Kisha futa kwa thina au asetoni: kitambaa kimoja cha kulowesha, kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka, na ubadilishe vitambaa mara kwa mara. Mwaga maji safi kidogo juu ya bawa. Yakitandaa kama kioo, chuma ni safi. Yakikusanyika matone, bado kuna mafuta, rudia. Subiri likauke.

Kuanzia hapo usiliguse kwa mkono mtupu. Nilipofanya silikoni mara ya kwanza nilikuwa nimeridhika na kazi yangu, nikalipapasa bawa kuhisi ulaini wake. Wiki chache baadaye boti ikarudi. Mabawa mawili yalikuwa mazima, la tatu lilikuwa limebanduka, na pale palipobanduka palikuwa na umbo la kiganja na vidole vinne. Nilirudia kazi yote kwa gharama yangu.

Hatua ya 5: Nini cha kupaka

Rangi ya kawaida ya chini ya boti, ile yenye shaba, haikai kwenye propela. Inapolowa inalainika, na ncha ya bawa inakwenda kasi mno. Baada ya safari chache bawa liko tupu. Usipoteze fedha.

Silikoni ndiyo ninayoiamini kwa boti yenye shafti. Propspeed, ya New Zealand, ndiyo inayojulikana zaidi. Inakuja sehemu mbili: praima ya kuchanganya, na silikoni angavu ya juu. Haina sumu. Inawanyima vichaza pa kushika, na wachache wanaofanikiwa wanadondoka boti ikishika mwendo. Siri yake ni muda. Silikoni lazima ifuate praima ikiwa bado inanata, kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, si za kukisia. Tunafanya watu wawili, mmoja mbele na praima, mwingine nyuma yake na silikoni. Chagua asubuhi isiyo na upepo, na jirani anayepiga grenda mwombe asubiri. Ikishakauka isiguswe na kikwaruzo tena maisha yake yote. Kifutio ni kitambaa laini.

Mafuta ya sufu ya kondoo, lanolini, ni ya mwenye mfuko mdogo. Pasha kopo ndani ya maji ya moto, pasha na bawa kwa hewa ya moto hadi liwe la uvuguvugu, paka tabaka jembamba, sugulia ndani kwa kitambaa. Kwangu yanadumu miezi michache, kisha yanarudiwa. Wazo lake si geni huku. Wazee walipaka majahazi deheni, shahamu iliyokorogwa na chokaa, wakarudia kila chombo kilipopweleka.

Kuna pia praima za kupuliza zenye zinki nyingi. Zinafaa, ila hazidumu kama silikoni.

Kitu kimoja naomba sana. Ukiuziwa kopo kuukuu la rangi ya chini lenye maandishi TBT, likatae. Ni rangi yenye mchanganyiko wa bati. Ufaransa iliipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982 baada ya chaza wa ghuba ya Arcachon kuota magamba yaliyoharibika, na mkataba wa kimataifa wa kuiondoa duniani ulianza kutumika 2008. Kopo likifunguliwa kwenye hori letu, sumu yake itabaki kwenye matope muda mrefu baada ya boti hiyo kuuzwa.

Hatua ya 6: Zinki

Toa tepu. Zinki iliyoliwa nusu badilisha. Mahali inapokaa kwenye shafti pasugue hadi chuma king'ae, kwa sababu lazima vigusane chuma kwa chuma. Zinki haipakwi rangi kamwe.

Hatua ya 7: Boti ikiwa majini

Itembeze kila wiki, nusu saa, kwa mwendo wa kweli. Kuwasha injini ukiwa umefunga boti gatini hakusaidii propela. Kila wiki mbili ingia na kitambaa uifute, na uwe na mwenzako juu ya boti anayejua uko chini.

Kama italala muda mrefu, valisha propela mfuko mweusi mzito, usiopitisha mwanga, ufunge kwa kamba kwenye shafti. Ndani maji hayabadiliki, hewa inapungua, na uoto mwingi unakufa. Hatari yake ni kusahau. Nahodha mmoja aliwasha na kutia gia asubuhi yenye haraka, mfuko ukajisokota kwenye shafti, tukakesha tukiukata kwa kisu chini ya maji. Tangu siku hiyo, ninapofunga mfuko nauchukua ufunguo wa injini, naufunga kwenye kibao kilichoandikwa MFUKO CHINI, na kuuning'iniza kwenye usukani. Haurudi kwenye swichi mpaka mfuko uwe umepandishwa juu na maji yanautoka.