Umelipa bonasi, umeitelesharje, lakini mu game hauioni: fanya hivi

Juzi petit moja wa jirani hapa Katuba alikuya kwangu na laptopu mu saki, hata jambo hakusema muzuri, anasema tu "yaya, baliniibia". Alinunua game ya Baldur's Gate 3 ya deluxe, ile yenye kuuzishwa na bonasi, akacheza masaa tano, na lile joho la Red Prince lenye balimuahidi halikuwa ku mutu wake wa mu game, kinanda hakuna, ile maski hakuna. Nikamuuliza, ulishafika mu kambi? Eeh. Ulifungua sanduku yenye iko pale kambini? Kimya. Tukawasha, tukaingia mu kambi, tukafungua sanduku, bintu byake byote vilikuwa mule vinamungojea tangu siku ya kwanza.

Njo maana minaandika hii, juu petit si wa kwanza. Batu wengi banafikiri ukishatelesharje bonasi basi itakuya yenyewe mu mikono ya mutu wako, lakini kila game iko na mahali pake pa kuificha, na mahali ile hawakwambie ku duka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, mbele hata ya kukata forfe ya mega, tafuta mambo mbili: bonasi inatokea wapi, na inatokea wakati gani. The Witcher 3 ni mufano muzuri. Ilitoka 2015, na CD Projekt Red, benye waliitengeneza, walitoa DLC (njo zile bonasi za kuongeza ku game) 16 za bure, za bure kabisa, lakini zile DLC haziko namna moja. Ile ya ndevu na nywele hautaiona mu saki hata ukitafuta mpaka asubuhi, inabidi uende kwa kinyozi mu game ukae ku kiti. Seti ya Wolf School nayo hawakupatie nguo, wanakupatia kazi: unatafuta karatasi za michoro mu maboma, kisha unaenda kwa fundi anakutengenezea, na vyuma ni wewe unaleta. Ukiangalia tu mu saki utasema imekataa, kumbe inakungojea.

Skyrim nayo iko na tabia yake. DLC yake ya Dawnguard, mutu wako akifika level 10, njo askari wa mu miji banaanza kukupigia habari za wawinda vampire. Kuvua samaki, yenye Bethesda, benye game, walitolea bure benye Special Edition mu 2021, unaianzia ku Riften pale ku nyumba ya wavuvi. Survival, ile namna ya kucheza yenye baridi na njaa binakuua, iko mu menyu ya mipangilio, unaiwasha wewe mwenyewe, na kama haupendi kufa na baridi, basi uiache ilale.

Halafu Elden Ring, hapa njo batu banaliaka zaidi. DLC yake, Shadow of the Erdtree, ilitoka tarehe 21 mwezi wa 6 mwaka 2024, dola 40, falanga mingi hiyo kwa mutu wa hapa. Na ukishalipa hauingie. Lazima kwanza uue mabosi wawili, Radahn na Mohg, kisha uguse ule mukono ulikauka wenye unaninginia mu yai ya Miquella pale Mohg alikuwa. Mohg si wa mwanzo wa game, wengine banamaliza masaa makumi mbele ya kumuona. Kama uko bado mu Limgrave, kule game inaanzia, unakimbizana na mbwa, chunga dola 40 zako, DLC haitakimbia.

Sasa kutelesharje kwenyewe. Baldur's Gate 3 inaomba nafasi ya giga 150 ku disiki, hiyo kwa forfe ya simu usijaribu, utauzisha shati. Tafuta mutu iko na fibre ao ofisi yenye koneksio nzuri, ufanye pale. Steam, ile duka ya game za ordinateri, tangu 2023 iko na kitu batu wengi hawajue: kama ordinateri mbili ziko ku Wi-Fi moja, ya kwako inaweza kuchukua mafaili ya game toka ku ya rafiki yako bila kupita ku intaneti. Ni lazima nawe uwe na game ku kompti yako, haitoe game ya bure, lakini mega zinabakia karibu zote. Sisi tunafanyaka vile siku ya posho, laptopu tatu ku meza moja na munkoyo katikati, na mutu moja anachunga kama umeme uko.

Umeme ukikatika katikati usiogope, Steam inaendelea pale ilifikia. Chenye unapashwa kufanya ni kuzuia mizajuru ya yenyewe: ku mipangilio ya kutelesharje unaweka saa zenye inaruhusiwa, juu bila hivyo utarudisha simu ku hotspot na ndani ya dakika kumi forfe yote imekulwa na game yenye hata hauchezake.

Kisha hakikisha bonasi imeingia. Ku Steam piga kliki ya kuume ku jina ya game, fungua Propriétés, kisha DLC, uangalie kama iko na alama. Kama haina alama, weka, ingojee. Ukiona imetelesharje kidogo sana, tumega tuchache tu, usipige kelele: mara mingi bintu vilishakuwa mu game yenyewe, ulinunua tu ufunguo. Ku GOG, duka ingine ya game, ni ingine, pale kila DLC iko na faili yake ya kuweka, unatelesharje mara moja, unachunga ku flash, unaweka game kwanza na DLC nyuma. Kwa mutu wa koneksio ya kubahatisha, mi minapenda GOG kupita yote.

Benye kucheza Play (PlayStation), sikilizeni hapa, juu mi nililia hapa. Nilinunua disiki ya okazio mu soko, nzuri, haina hata alama, nikafungua kompti ya nchi ingine, nikalipa ekspansio, na game ikafanya kama haijue kitu. Disiki ilikuwa ya zone ingine. DLC inapashwa kuwa ya zone moja na disiki, kwa hiyo mbele ya kulipa soma ile namba ya CUSA, namba ya kutambulisha game, ku disiki ya PS4 ao ku boksi yake, uilinganishe na ile ya duka ya kompti yako. Kama zone ni moja na bado haionekane, ingia mu mipangilio ya kompti, fanya Restaurer les licences, zima, washa.

Kuhusu kulipa: carte Visa ya kujaza, uweke tu falanga ya ile kitu basi. Mutu anakwambia iko na kode za DLC bei ya nusu, umutumie kwanza ku Airtel Money, acha apite. Na Steam inarudishaka falanga ya DLC kama siku 14 hazijaisha na haujacheza game masaa 2 tangu uinunue, isipokuwa ni kitu chenye ulishatumia kikaisha.

Yenye haifae kulipa? Mi minaangalia swali moja tu: hii kitu naweza kuipata nikicheza? Dragon's Dogma 2 ilipotoka 2024 walikuwa banauzisha Portcrystal na kitabu cha kubadilisha sura, na byote viko mule ndani ya game. Acha. Na mu 2006 Bethesda waliuzisha nguo ya chuma ya farasi mu Oblivion, dola 2 na nusu, dunia nzima ikacheka, ni kama kuvalisha kinga (baiskeli) ya makala vyuma vya kung'aa. Lakini mi sicheke sana, niliinunua. Unaenda kuona Orc moja jina Snak gra-Bura ku nyumba ya farasi ya Chestnut Handy, kando ya Imperial City, yeye njo anavalisha farasi.

Kitu ya mwisho, kopia sove zako (mafaili yenye inachunga pale ulifikia mu game) ku flash mbele ya kuondosha DLC yoyote. Dragon Age: Origins ya 2009 ikikuta sove ilifanywa na DLC yenye haiko tena, inaweza kukataa kuifungua. Petit nilimwambia hii mara mbili, akasema eeh yaya, macho iko ku joho.