Kununua matairi ya Prius bila kujuta

Mwaka jana nilifunga matairi ya bei poa, mazito, yenye meno makubwa kama ya pikapu. Nikajiona mjanja. Wiki haikuisha: njia ileile ya Usa River hadi Kilombero, hapa Arusha, lita moja ikanipeleka kilomita 18 badala ya 22. Haibridi, yaani gari la petroli na umeme kama Prius, haina siri, dashibodi inakusema kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha kwenye nguzo. Kina saizi na kiwango cha upepo. Yangu ni 195/65R15. Muuzaji akikwambia "hata hii inaingia, dada", mshukuru uendelee na safari. Ulizia tairi jepesi linalobingirika kwa wepesi, lililotengenezwa kuokoa mafuta. Angalia pia namba ya uzito: 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Usishuke chini ya ile ya kibandiko.

Halafu inama. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Mimi niliwahi kuletewa "jipya kabisa", bado lina vinyweleo vya mpira, kumbe 1118! Nikamwachia mwenyewe.

Mtumba sigusi.

Ukishafunga, pima upepo asubuhi kabla gari haijatembea, kwa geji yako mwenyewe. Vijana wa kompresa wengine wanapima kwa teke.